Zamda wa Asubuhi, Zamda wa Mchana

Si zamani wala si mbali. Ni juzijuzi tu, na ni hapa hapa kwetu. Jina la nchi yetu silitaji, si kwa woga, ila sheria inataka anayelitaja awe amesimama wima, mikono ubavuni, nami goti langu la kushoto ni bovu. Nitasema "kwetu" tu, nyinyi mtajaza wenyewe. Mkijaza vibaya shauri yenu, mimi simo.

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwa nashinda pale Kituo cha Msaada wa Sheria, kwenye benchi la wateja, kwa ajili ya kesi yangu ya baiskeli. Baiskeli yangu ilikamatwa kwa kupishana na msafara wa Waziri bila kuinamisha usukani. Ni kesi ndogo, tuiache.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Mashine ikinguruma, mteja lazima apaze sauti ndipo wakili amsikie. Kwa hiyo siri zote pale zilisemwa kwa sauti ya mnadani, na sisi wa benchini tukawa tunajua ya kila mtu: nani kafukuzwa na nani, mtoto ni wa nani. Hatukuyasambaza, ila kwa watu tunaowaamini.

Mbele ya benchi letu palikuwa na kiti cha kitambaa, chekundu, kimeandikwa mgongoni SERIKALI. Hakikaliwi hicho. Kuna mama mmoja mjamzito aliwahi kukikalia kwa bahati mbaya, akajifungulia rumande.

Kiti hicho kina historia nzuri. Hapo mwanzo Kituo kilikuwa cha wanyonge peke yao. Waziri wa Sheria alipopata habari, aliumia sana moyoni, akaja mwenyewe kutuhutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "nani katika nchi hii hana chochote? Barabara ni zenu. Shule ni zenu. Madini ni yenu. Hata gari nililokuja nalo ni lenu. Serikali haina hata kuku! Sasa niambieni, mnyonge hapa ni nani?" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, maana milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Siku hiyo hiyo Serikali ikaandikishwa kuwa mteja wa Kituo, ikapewa kiti cha mbele.

Basi ndipo ilipotungwa Sheria ya Mizani. Kwa kuwa wateja wa Kituo sasa ni wawili, mnyonge na Serikali, na kwa kuwa wawili hawa kila siku wanashtakiana wenyewe kwa wenyewe, na kwa kuwa wakili mwanagenzi lazima ajifunze kwa vitendo, basi mwanagenzi mmoja atasimama pande zote mbili za kesi moja. Asubuhi atavaa koti la kijivu amtetee mnyonge. Mchana atavaa joho jeusi aisemee Serikali. Upande atakaoshinda nao mara ya kwanza, huo ndio atakaoapishwa nao, na ndio atakaoutumikia maisha yake yote.

Mimi ni mtu wa kusifu panapostahili sifa. Sheria hii imetupatia mawakili hodari ajabu. Kila mwanagenzi aliyepita pale alifaulu, na kila mmoja alifaulu mchana. Serikali yetu sasa ina mawakili wengi hadi wengine wanakaa kwenye ngazi za wizara, na wote wamelelewa na Kituo cha wanyonge. Wanyonge nao wakabaki na Mzee Lwambano.

*

Mzee Lwambano ndiye alikuwa mkuu wa Kituo. Aliingia pale mwanagenzi nywele zake zikiwa nyeusi, na mpaka sasa nywele zimekwisha yeye bado mwanagenzi. Hakuwahi kushinda kesi, wala kushindwa. Kesi zake zote ziliahirishwa.

Jamani, yule mzee alikuwa bingwa wa kuahirisha! Ilipokaribia mchana alizimia. Asipozimia, alikuwa amekuja na miwani ya mkewe. Siku moja alimwomba hakimu bendera ya taifa iliyopo ukutani ifuliwe kwanza, maana moyo wake wa uzalendo haukumruhusu kusema mbele ya bendera yenye vumbi, na mahakama ikafungwa mpaka ikakauka. Ilikuwa masika. Watu walimpenda sana, na wateja wake wengi wamekufa kwa uzee, wakiwa bado hawajapatikana na hatia.

Basi akaja Zamda. Zamda Mkumbukwa, binti wa fundi cherehani, mwembamba, mdomo mwepesi, macho ya mtu anayetaka ugomvi. Mzee Lwambano alimpa koti la kijivu na joho jeusi, akamweleza Sheria ya Mizani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zamda akamsikiliza, kisha akalitundika joho kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hili halitanihusu, mzee," alisema. "Mimi nitashinda asubuhi."

Tulicheka benchi zima. Si kwa ubaya. Ilikuwa ni muda mrefu hatujacheka.

"Chekeni tu," akasema. "Kuna siku mtakuwa na wakili wenu, wa kwenu kabisa, ambaye mchana hageuki. Siku hiyo na mimi nitawacheka."

Nikaacha kucheka, na moyo wangu ukafanya kitu ambacho daktari amenikataza. Ulitumaini.

*

Bi Mwajabu alikuja siku ambayo mashine ya kusaga ilikuwa na kazi nyingi. Ni mwanamke mnene kiasi, khanga mbili, uso wa mtu aliyelia nyumbani ili asilie njiani. Alimwamkia Mzee Lwambano, akaniamkia mimi, akakaa mbele ya Zamda.

"Mwanangu, wamemchukua mume wangu."

"Wamemchukua kwa kosa gani, mama?"

"Amekohoa!"

Sasa hapa lazima nieleze, maana msiokuwa wa kwetu mtadhani nawatania. Mumewe, Kibwana Lugome, ni mlinzi wa ghala la saruji la Serikali. Vumbi lile limemla kifua. Siku ya hotuba kubwa ya Mlezi wa Taifa alikwenda uwanjani kama sisi sote, kwa hiari iliyosimamiwa na askari. Katika hotuba za Mlezi wa Taifa kuna mahali pa kupiga makofi, kuna mahali pa vigelegele, na kuna mahali pamoja pa kimya, ambapo taifa zima linatafakari. Mlezi wa Taifa akauliza kwa sauti ile yake nzito, "Ni nani aliyewaletea haya yote?" Kimya kikatanda. Na ndani ya kimya kile, Kibwana akasema, "Kho! Kho!"

Redioni ilisikika vizuri kuliko hotuba yenyewe.

Tatizo likawa kwamba sheria hairuhusu kuondoa hata herufi moja katika hotuba ya Mlezi wa Taifa. Kikohozi kikaingia. Kikachapwa kitabuni. Watoto wa shule wanaikariri hotuba ile kila asubuhi mstarini, wakifika pale wote wanakohoa, na mtoto asiyekohoa vizuri anachapwa. Na Kibwana akashtakiwa kwa kosa la kuchangia hotuba bila kibali. Adhabu yake ni machimbo ya chokaa.

"Mwenye kifua kile akipelekwa kwenye chokaa, harudi," alisema Bi Mwajabu. "Harudi, mwanangu. Mimi nitamzika bila hata kumwona, na watoto bado wadogo, wa mwisho hajaacha ziwa."

Zamda akamshika mkono. "Mama, nisikilize. Mimi ndiye wakili wako. Niambie yote. Zuri na baya. Wakili asiyejua yote ni kama daktari aliyefichwa kidonda." Ndivyo wanavyofundishwa pale Kituo, na ni mafundisho mazuri.

Basi Bi Mwajabu akasema yote. Akasema mumewe anakohoa usiku kucha, anakohoa akila, anakohoa akisali. Zamda akauliza, je, kuna wakati wowote hakohoi? Bi Mwajabu akafikiri. Mashine inanguruma. Akainama mbele, akapaza sauti, "Akisikiliza mpira redioni! Mpira ukianza anakibana kikohozi mpaka filimbi ya mwisho!"

Na umeme ukakatika katikati ya sentensi. Mashine ikanyamaza. Maneno "mpaka filimbi ya mwisho" yakabaki hewani peke yake, kila mtu kayasikia, na kiti cha Serikali pale mbele kimetulia tu.

Niliuona uso wa Zamda ukibadilika rangi. Nilielewa kwa nini, goti bovu si akili mbovu. Mtu anayeweza kukibana kikohozi kwa ajili ya mpira, akashindwa kukibana kwa ajili ya Mlezi wa Taifa, huyo, wakili wa mchana anammaliza kwa pumzi moja. Na wa mchana ni nani? Ni huyu huyu aliyeambiwa.

*

"Ahirisha," Mzee Lwambano alimwambia. "Mwanangu, nimekaa kazi hii maisha yangu yote. Huruma iliyobaki katika nchi hii ni kuahirisha tu. Nitakufundisha kuzimia. Unaanza na magoti."

Zamda alikwenda kwanza rumande kumwona Kibwana. Nilimsindikiza, kwa kuwa baiskeli yangu nayo ilikuwa inashikiliwa pale pale, nikataka kuisalimu. Kibwana alikuwa chumba cha chini ya tangi la maji, kuta zinatiririka. Alikuja dirishani akiwa amejifunga shuka, kakonda, macho makubwa. Alitaka kusema shikamoo kwangu, kikohozi kikamkamata, kikamkunja, akainuka na kitambaa chenye damu akakificha haraka nyuma yake.

"Kesi ni lini, wakili?" aliuliza.

"Tunaweza kuiahirisha, baba. Mpaka tujipange vizuri."

Alicheka kidogo, akakohoa sana. "Ahirisha na hiki kama unaweza," akasema, akijigusa kifuani.

Tulipofika Kituo Zamda alimwambia Mzee Lwambano kwamba hataahirisha, kwani rumande ingemuua Kibwana kabla ya machimbo, na kwamba hakuna njia isipokuwa kushinda asubuhi. Mzee Lwambano akavua miwani akafuta macho. Sikuweza kujua kama ni machozi au ni miwani ya mkewe inamsumbua.

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Mbonde, mzee wa heshima zake, mwenye tumbo lililotangulia kuingia. Asubuhi, kwa mujibu wa Sheria ya Mizani, mwanagenzi humwamkia hakimu.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Zamda, ndani ya koti la kijivu.

"Marahaba, binti. Mtetee mnyonge wako, usitumie maneno mengi, anaweza kuyazoea."

Kibwana alikuwa kizimbani, amejishikilia. Nasema kweli, sijawahi kusikia mtu akisema vile alivyosema Zamda asubuhi ile. Hakupiga kelele. Alisema vumbi lililo katika kifua cha Kibwana Lugome ni saruji ya Serikali, limeingia kwa amri ya Serikali, kwenye ghala la Serikali, akilinda mali ya Serikali. "Kikohozi hiki, mheshimiwa, si cha mshtakiwa. Yeye amekibeba tu. Kikohozi ni mali ya Serikali, na Serikali haihitaji kibali kuchangia hotuba yake yenyewe."

Watu wakaanza kunong'onezana. Akaendelea. Akasema kikohozi kile kimechapwa, kimefundishwa, kimewekwa katika mtihani wa taifa. Kama ni kosa, basi wizara nzima ya elimu ni washirika, na kila mtoto wa darasa la tatu ni mhalifu. "Huwezi kumfundisha mtoto jambo kwa kiboko, halafu ukamfunga baba yake kwa jambo hilo hilo." Mwisho akanyoosha mkono kumwonyesha Kibwana. Akasema tu, "Ni mgonjwa, mheshimiwa. Ni mgonjwa, ana watoto, anataka kwenda nyumbani."

Bi Mwajabu alikuwa kando yangu amenishika mkono bila kujua, kaukamua hasa. Nami nilikuwa nalia, mtu mzima na mvi zangu. Hata karani alisahau kuandika.

Hakimu Mbonde akavuta pumzi. "Hoja nzuri sana," alisema. "Kwa kweli nimeipenda. Sijasikia asubuhi nzuri hivi tangu nianze kazi. Tukale, mchana tusikie upande wenye haki."

*

Mapumzikoni nilimkuta Zamda chini ya ngazi za mahakama, joho jeusi lipo magotini mwake. Mzee Lwambano kachuchumaa kando.

"Utajijibu nini?" mzee alimuuliza.

"Nimeshajijibu, mzee. Huo ndio msiba wenyewe. Nilipokuwa nasema asubuhi, kichwa kilikuwa kinajibu, neno kwa neno. Ninajua pa kumpiga. Yule mama aliniambia kwa mdomo wake, nikiwa nimemshika mkono. Mmenifundisha kusikiliza, nimesikiliza, na sasa nitamuua mume wake kwa kusikiliza kwangu!"

"Nitazimia kwa niaba yako."

"Mzee, umezimia mara nyingi mpaka hakimu siku hizi anakuruka tu."

Ilikuwa kweli, mzee akainamisha kichwa. Unaweza kuuliza kwa nini Zamda asikae kimya tu huo mchana. Mwanagenzi mmoja kabla yake alijaribu. Hakimu akaamua kwamba Serikali ina heshima kubwa mno kiasi cha kutohitaji kusema, akampa alama zote. Mwingine alijaribu kusema ovyo. Ikaamuliwa kwamba ujinga ule una hekima ya juu ambayo mahakama haijaifikia.

Kengele ikalia. Zamda akasimama, akavaa joho. Ghafla akatulia, mkono mmoja bado uko nje ya mkono wa joho.

"Mzee," alisema polepole. "Nikishavaa hili, mimi ni nani?"

"Ni Serikali, mwanangu. Kwa mujibu wa sheria, mpaka jua lizame wewe ndiye Serikali."

"Na Serikali inaweza kufanya nini?"

"Serikali? Serikali inaweza kufanya chochote."

Akamalizia kuvaa, akapanda ngazi mbilimbili.

*

Mchana, kwa mujibu wa Sheria ya Mizani, mambo hugeuka. Serikali ni kubwa kuliko hakimu. Kwa hiyo Mheshimiwa Mbonde, na mvi zake na tumbo lake, alisimama, akamwinamia yule binti.

"Shikamoo, Serikali."

"Marahaba," alijibu Zamda. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Serikali, Mahakama imesikia asubuhi maneno matamu ya kijana mmoja mpotovu. Tunaomba utuondolee utamu huo. Je, kuna jambo unalolijua kuhusu mshtakiwa ambalo sisi hatujalisikia?"

Bi Mwajabu akafumba macho. Yeye hakuwa mjinga, alikumbuka alichosema mashine ilipozimika.

"Lipo," alisema Zamda.

"Liseme."

"Serikali inafuta mashtaka."

Wewe! Hakuna aliyekohoa wakati ule, hata Kibwana. Hakimu Mbonde aliinama mbele kama mtu asiyesikia vizuri.

"Inafuta nini?"

"Mashtaka. Serikali imemwangalia mtu huyu, imeona ni mgonjwa, imeona ni mlinzi wake mwaminifu. Haina kesi naye. Inataka aende nyumbani leo hii, sasa hivi, na mkewe." Akageuka akamwangalia Bi Mwajabu. "Serikali imesema."

Mimi, na goti langu, nilisimama. Tulisimama wote. Bi Mwajabu alipiga kigelegele kimoja kikakatika katikati kwa kilio. Mzee Lwambano alizimia, na safari hii kweli, tukamwagia maji. Hakimu alitoka nje mbio kwenda kupiga simu wizarani. Na kwa muda ule aliokuwa nje, jamani, sisi tulikuwa watu walioshinda. Tulikumbatiana. Kibwana alikuwa amekaa chini kizimbani anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa. Zamda kasimama peke yake, mikono usoni.

Kisha Hakimu Mbonde akarudi, uso wake umetulia kabisa, na mimi nikajua.

"Mahakama imetafakari," alisema. "Serikali imefuta mashtaka. Kufuta ni kusamehe. Sasa, anayesamehewa ni nani? Ni mwenye kosa. Asiye na kosa huwezi kumsamehe, utakuwa umemtukana, na Serikali yetu haitukani raia. Kwa hiyo, kwa kumsamehe, Serikali imethibitisha pasipo shaka yoyote kwamba mshtakiwa ana kosa. Namtia hatiani. Atakwenda machimbo ya chokaa mpaka kikohozi kiishe. Na kwa kuwa mimi ni nani hata nipinge msamaha wa Serikali, naamuru kwamba msamaha huo utaanza kutumika mara tu atakapomaliza kifungo."

Bi Mwajabu hakulia. Alitoa sauti ndogo tu.

"Serikali imeshinda," aliendelea hakimu, "na imeshinda kwa huruma, ushindi ambao haujapata kuonekana. Mwanagenzi Zamda Mkumbukwa, umefaulu kwa alama za juu kuliko wote waliokutangulia. Inua mkono wako wa kulia."

"Sitaki," alisema Zamda.

"Serikali haina sitaki." Askari mmoja akamwinua mkono, akaushikilia juu, karani akasoma kiapo kwa niaba yake. Watu wa wizara waliokuja kwa simu ile wakapiga makofi. Ndivyo Zamda alivyokuwa wakili kamili, wa mchana, wa maisha.

*

Hapa ndipo ningependa kunyamaza, lakini nimeshaanza.

Bi Mwajabu aliinuka, akavuka ukumbi, akaenda hadi kwa Zamda. Nilidhani atampiga kofi, na nisingemlaumu. Lakini alitoa kwenye kikapu chake bakuli la plastiki lenye mfuniko, wali na mbaazi, alilompikia mumewe alfajiri kwa matumaini kwamba atatoka. Akamwekea Zamda mikononi.

"Shika, mwanangu. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Umesema, umesema, pande zote. Kula."

"Mama, nimekuulia mume."

"Umejaribu. Nimekuona. Kula."

Na Hakimu Mbonde, aliyekuwa anakusanya makaratasi yake, akainua kichwa. "Wakili wa Serikali," aliita kwa furaha. "Bahati iliyoje! Kesi yako ya kwanza imekuja yenyewe. Raia amempa mtumishi wa umma chakula ndani ya ukumbi wa mahakama. Hiyo ni rushwa. Bakuli hilo ni kielelezo. Liweke mezani, mfungulie mashtaka huyo mwanamke."

"Watoto wangu!" alisema Bi Mwajabu. "Mheshimiwa, wamebaki kwa jirani. Baba yao ndiye huyo anaondoka. Mkinichukua na mimi watabaki na nani?"

"Liweke mezani, wakili."

Zamda aliliangalia bakuli. Akafungua mfuniko, akatia mkono, akala.

"Unafanya nini?" alipiga kelele hakimu. "Hicho ni kielelezo! Askari, anakula kielelezo!"

Askari walisogea, wakasita, wakaangaliana. Jua lilikuwa bado halijazama, na huyu alikuwa Serikali. Kumwinua mkono aape ni jambo moja, kuipokonya Serikali tonge ni jingine. Nani atamgusa? Zamda alikula. Alikula kwa mkono mzima, matonge makubwa, machozi yanamchuruzika yanaingia kwenye wali, mchuzi wa mbaazi unamwagikia lile joho jeusi. Alikula bila kutafuna. Alipomaliza wali aliramba pembeni, akapitisha kidole chini, akaramba na mfuniko. Kisha akaliweka bakuli mezani mbele ya hakimu, tupu, linang'aa.

Hakimu Mbonde alilitazama kwa muda mrefu. Bila kielelezo hakuna kesi, hata kwetu. Akasema kwa hasira mwanamke yule aondoke zake, na wakili avuliwe joho jua likizama, asivae tena lolote, la kijivu wala jeusi.

Kibwana walikuwa wanamtoa. Lori la machimbo lilikuwa limeshawashwa nje, tunalisikia. Alipofika usawa wa Zamda aliwaomba askari wasimame kidogo. Zamda hakuweza kumwangalia, mashavu yamejaa chakula cha Kibwana, anapambana kumeza tonge la mwisho na halishuki.

"Mwajabu," Kibwana alimwambia mkewe. "Mpe maji huyo mtoto. Atapaliwa."

Bi Mwajabu akaenda kutafuta maji, na aliporudi na kikombe lori lilikuwa limeshaondoka.